Cherehani ya Kompyuta katika Njia Panda ya Kasulo

Neno cherehani lina asili ya gurudumu. Limetoka katika neno la Kiajemi lenye kutaja kitu kizungukacho, na ndugu yake ni cherehe, lile jiwe la mnoaji wa visu lizungushwalo kwa mguu. Yaonekana kwamba waliotangulia kuiona mashine ya kushona hawakustaajabia sindano, kwa maana sindano waliijua tangu zamani, walistaajabia mzunguko. Siku hizi imekuja cherehani isiyo na kanyagio la chuma wala mkanda wa ngozi. Ina kioo kidogo na vitufe, na mishono yake imehifadhiwa ndani kama maneno yahifadhiwavyo kitabuni. Kwamba mwenye kuinunua ajiongezea mali au ajiongezea deni ni swali lifaalo kuulizwa Kasulo, katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, mahali ambapo fundi hana akiba ya kufanyia majaribio.

Hofu ya mashine hii ina umri sawa na mashine yenyewe. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza yake mwaka 1830, akaweka karakana mjini Paris yenye mashine zipatazo 80 za kushonea sare za askari. Mwaka 1831 kundi la washoni liliingia humo likazivunja. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857. Watu wengi huwacheka washoni wale, nami siwacheki. Walijua kuhesabu, na hesabu yao iliwaambia kwamba faida ya wepesi ule isingekuwa yao. Mwaka 1846 Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya mashine yenye sindano ambayo tundu lake liko karibu na ncha, ikifunga nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Isaac Singer akafuata mwaka 1851 na mashine iliyo imara zaidi.

Lakini jambo kubwa la Singer halikuwa chuma. Kuanzia mwaka 1856 kampuni yake iliuza mashine kwa malipo ya kidogo kidogo, hata mke wa kibarua akaweza kuwa nayo kabla hajamaliza kuilipia. Kwa maoni yangu uvumbuzi huu wa pili ulizidi ule wa kwanza. Chuma hushona, lakini mkopo ndio ukiingizao chuma nyumbani, na mkopo huohuo ndio ukitoao tena mlipaji ashindwapo. Hata Gandhi, ambaye hakuwa rafiki wa mashine, aliitenga cherehani ya Singer na kuihesabu miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyopata kubuniwa.

Katika Afrika ya Mashariki, nguo ya Marekani ilitangulia mashine ya Marekani. Marikani iliuzwa Unguja na kupelekwa bara katika karne ya 19, na wengi waliivaa bila kuishona, kama vile kanga ivaliwavyo hadi leo ikiwa imekunjwa pindo tu. Baadaye ilikuja cherehani, na mafundi wa Kihindi na wa Kiswahili wakaiweka katika vibaraza vya maduka ya nguo, ambako mnunuzi hupimiwa kitambaa ndani akapimwa mwili nje. Kutoka pwani ilifuata reli, kisha barabara, hata ikafika magharibi ya Ziwa Viktoria.

Hapa pana jambo ambalo lafaa lielezwe kwa urefu, kwa sababu ndilo liamualo mengi. Singer ilikuwa na mfano mmoja uliojulikana kwa namba 15. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Japani viliuiga mfano ule sehemu kwa sehemu, na Wachina nao wakaufuata. Butterfly ya Shanghai, inayojulikana sana kwa mafundi wetu, ni mtoto wa nasaba hiyo. Kwa hiyo kibobini na vipuri vingi vilivyotengenezewa mashine ya nchi moja vyaweza kutumika katika mashine ya nchi nyingine. Fundi akivunjikiwa na kipande hamtafuti mwenye kampuni. Hutafuta mashine iliyokufa akakinyofoa. Mkanda ukikatika huungwa. Mashine ya namna hii yaweza kumzika aliyeinunua, ikamshonea mjukuu wake sare ya shule. Haikuwa imekusudiwa iwe mali ya wote, lakini imekuwa hivyo.

Kasulo ni njia panda. Barabara itokayo daraja la Rusumo yapita hapo kuelekea Lusahunga, na nyingine yapanda kaskazini kwenda Karagwe hadi Kyaka. Watu wengi hupaita Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia, na kando ya barabara hii ikasimama kambi ambayo wakati ule ilitajwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Mnamo Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa kwao. Nayataja haya kwa sababu yamefundisha maana ya mali. Mali ya mtu avukaye daraja ni ile awezayo kuibeba kichwani, na yenye thamani kupita zote ni ile itakayompatia chakula popote atuapo. Cherehani ya mkono ni mzigo mzito, lakini ikitua chini ya mti yaanza kazi saa ileile. Haiombi ila uzi na mafuta.

Cherehani ya kompyuta ni ya juzi kwa kipimo cha historia. Singer ilitoa Athena 2000, mashine ya kielektroniki, mwaka 1975, na mwaka 1979 Janome ya Japani ikatoa Memory 7 yenye kompyuta kwa matumizi ya nyumbani. Vijinjini vidogo huiongoza sindano na kitambaa kwa hatua zilizopimwa, hata vitundu vya vifungo mia vikalingana vyote. Ile yenye kudarizi hupokea ua au jina, na kitambaa kilichobanwa katika fremu huchezeshwa chini ya sindano mpaka picha itimie. Katika njia panda, kazi ya namna hii ina wateja. Shule zataka nembo katika masweta. Kwaya, vikundi vya akina mama na makampuni ya malori hutaka majina yao kifuani. Na tangu mitumba ilipofunguliwa milango katika miaka ya 1980, gauni la kawaida halimlishi fundi kama zamani. Kilichobaki mkononi mwake ni sare, nguo za sherehe na mapambo. Fundi awezaye kuandika jina kwa uzi hapati mshindani katika rundo la mitumba. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu upande wa wanunuzi, nami sioni wa kuipinga.

Upande wa pili una mambo ambayo muuzaji hayasemi. Mashine nyingi za namna hii zilibuniwa kwa matumizi ya nyumbani katika nchi zenye umeme usiotetemeka. Turubai la lori huzichosha, na vumbi la barabara huzidhuru. Umeme ukipanda na kushuka, kibao cha ndani huungua, na kibao hakinyofolewi katika mashine ya jirani. Umeme ukikatika katikati ya nembo, zipo mashine zikumbukazo zilipoishia. Lakini kitambaa kikisogea, sweta la mtu limeharibika. Yenye sindano moja humtaka fundi abadilishe uzi kwa kila rangi. Picha mpya nazo hazizaliwi ndani ya mashine, bali hutengenezwa kwa programu, na asiyeijua humlipa aijuaye. Basi yule ambaye kwa miaka 30 hakumtegemea mtu ila mwuza nyuzi, sasa awategemea watu wanne. Na bei yake ni mara nyingi ya bei ya mashine ya kukanyaga, kwa hiyo aghalabu hununuliwa kwa mkopo wa kikundi, ambao marejesho yake hayangoji umeme urudi.

Kwa hesabu hiyo nadhani mjane mwenye mashine moja tu asiiuze ili anunue ya kompyuta. Kikundi cha mafundi watano kinaweza kuinunua, kila mmoja akabaki na Butterfly yake. Na heri kinunue pamoja nayo kifaa cha kutuliza umeme kabla ya kununua nyuzi za dhahabu. Mambo yaweza kubadilika. Katika maporomoko ya Rusumo, juu ya mto Kagera, umejengwa mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zagawana kwa mafungu sawa, nao ulianza kutoa umeme mwaka 2023. Jirani za mtambo huo watajua kabla ya wengine kama waya waweza kuaminiwa kama mguu.