Sungusungu wa Tanzania: ulinzi uliozaliwa kijijini

Sungusungu ni jina la vikundi vya ulinzi vilivyoanzishwa na wanavijiji wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kukomesha wizi wa mifugo na ujambazi. Kwa asili neno hilo ni jina la chungu weusi wakubwa wanaouma, ambao mmoja wao hukanyagwa kwa urahisi, lakini kundi lao halikaribiki. Kwa watu waliokimbilia Tanzania kutoka Burundi, jina hilo si geni: katika kambi za wakimbizi, walinzi waliotokana na wakimbizi wenyewe nao waliitwa sungusungu.

Wataalamu wa sayansi ya jamii wamevichunguza vikundi hivyo tangu miaka ya 1980. Kinachowavuta ni swali moja lenye uzito katika nchi nyingi za ukanda huu: raia wanapojilinda wenyewe kwa sababu dola liko mbali, nani atamlinda raia dhidi ya mlinzi wake?

Chimbuko lake

Sungusungu walijitokeza kwanza miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, hususan maeneo ya Kahama. Tanzania ilikuwa imetoka katika vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda, vilivyoanza mwishoni mwa mwaka 1978 na kumalizika mwaka 1979. Baada ya vita hivyo bunduki zilizagaa mikononi mwa watu. Uchumi ulikuwa umedorora, bidhaa zilikuwa adimu, na ng'ombe, ambao kwa mfugaji ni akiba, mahari na heshima, waliibwa kwa mtutu wa bunduki. Vituo vya polisi vilikuwa vichache na mbali, na wananchi wengi walilalamika kwamba mtuhumiwa aliyefikishwa huko alirejea kijijini baada ya muda mfupi.

Mwanaanthropolojia Ray Abrahams wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyeanza kuwatafiti Wanyamwezi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1987 mojawapo ya makala za mwanzo za kitaalamu kuhusu vikundi hivyo. Alionyesha kwamba havikuwa kundi la watu wenye hasira waliokusanyika kwa siku moja na kutawanyika. Vilikuwa na mpangilio, viongozi na kanuni.

Uongozi na nidhamu

Mkuu wa kikundi aliitwa ntemi, cheo cha watawala wa jadi ambao mamlaka yao yalifutwa na serikali mara baada ya uhuru. Pamoja naye alikuwapo katibu, mfano ulioazimwa kutoka katika utaratibu wa chama na serikali. Hivyo wanavijiji waliunganisha heshima ya jadi na taratibu za kisasa, na uongozi wao ukaeleweka kwa wazee na vijana vilevile.

Silaha zao zilikuwa upinde na mishale. Yowe lilipopigwa au filimbi ilipolia, kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka nje, na kijiji cha jirani kilipokea mwito huo na kuupeleka mbele. Mwizi aliyetoroka kijiji kimoja aliwakuta watu wa kijiji kingine wamekwisha kusimama njiani.

Adhabu iliyoogopwa sana haikuwa kipigo, bali kutengwa. Aliyetengwa hakusalimiwa, hakusaidiwa shambani, wala hakushirikishwa katika shughuli za jamii. Mahali ambapo maisha hutegemea jirani, hukumu hiyo ilikuwa nzito kuliko faini. Ndiyo maana waliotozwa faini wengi walilipa.

Hata hivyo, nguvu hiyohiyo iliwaangukia wasio na hatia. Katika baadhi ya maeneo watuhumiwa waliteswa, wengine wakauawa. Mtafiti wa sheria Sufian Bukurura, aliyefanya utafiti Kahama, alieleza jinsi watu waliotuhumiwa uchawi walivyofukuzwa vijijini. Tuhuma ya namna hiyo haina ushahidi unaoweza kupimwa. Aliyetuhumiwa hakuwa na mahali pa kukata rufaa, kwa kuwa walinzi walikuwa pia wapelelezi na mahakimu.

Serikali yakabiliwa na uamuzi mgumu

Kuibuka kwa Sungusungu kuliwagawa viongozi wa nchi. Ndani ya Chama cha Mapinduzi, akiwamo Rais Julius Nyerere, wengi waliwaona kuwa wananchi wanaojitegemea katika ulinzi. Kwa upande wao, polisi na mahakimu waliona mamlaka yao yanaporwa, na baadhi ya walinzi walifikishwa mahakamani kwa makosa ya kuua na kujeruhi.

Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuvitambua vikundi hivyo, likavipa mamlaka ya kukamata watuhumiwa yanayolingana na ya askari polisi wa kawaida. Mapema katika miaka ya 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, utaratibu huo ulihimizwa hadi mijini. Huko mambo yalikuwa tofauti. Kijijini mlinzi alijulikana kwa jina, ukoo na tabia, ilhali mjini aligonga mlango wa mtu asiyemfahamu na kudai mchango wa ulinzi.

Mpakani na kambini

Watafiti Michael Fleisher na Suzette Heald waliufuatilia utaratibu huo miongoni mwa Wakurya, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya. Fleisher alionyesha kwamba upande wa Tanzania mkono wa serikali ulionekana wazi katika kuviunda vikundi hivyo, tofauti na ilivyokuwa Usukumani. Heald alieleza jinsi Wakurya wa Kenya walivyoiga mfano huo mwishoni mwa miaka ya 1990, wakiwa wamechoshwa na rushwa ya polisi na mahakama.

Katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, mtafiti Simon Turner aliyefanya utafiti miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuta jina lilelile katika mazingira mengine. Vyama vya siasa vya wakimbizi vilishindania nafasi za uongozi kambini. Mahali kama hapo, mkimbizi anayeibiwa au kupigwa usiku hana budi kujiuliza kwanza mlinzi aliye zamu ni wa upande gani kabla ya kwenda kumshitakia.

Funzo kwa sera za usalama

Kuanzia mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi la Tanzania lilitilia mkazo polisi jamii na ulinzi shirikishi, ambao huwaweka walinzi wa mitaa karibu na kituo cha polisi. Hatua hiyo ilikiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba polisi peke yao hawatoshi, na kwamba raia peke yao ni hatari.

Tafiti hizi zikisomwa pamoja, zinaonyesha kwamba mafanikio ya Sungusungu hayakutokana na mishale. Yalitokana na kiongozi kuchaguliwa na watu wanaomjua, kuketi nao mkutanoni na kuweza kuondolewa nao. Kiungo hicho kilipokatika, kwa fedha, kwa siasa au kwa amri ya kutoka mbali, mlinzi aligeuka kuwa mzigo mwingine juu ya mabega ya mwananchi. Nacho kilipobaki imara, bado lilihitajika jambo moja ambalo kijiji hakikuweza kujipatia chenyewe, yaani mahakama huru ambako hata anayechukiwa na wote husikilizwa kabla ya kuhukumiwa.