Michezo na Sanaa kwa Watoto Wenye ADHD

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutuliza akili, kukaa kitako au kuzuia papara. Dalili zake huanza kabla ya umri wa miaka 12, tena huonekana nyumbani na shuleni, si mahali pamoja tu. Michezo na sanaa haviiponyi wala havichukui nafasi ya matibabu. Hata hivyo mazoezi ya mwili huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zilezile zinazolengwa na dawa za hali hii, na mtoto aliyezoea kukaripiwa hupata mahali pa kusifiwa.

Katika kuchagua, jina la mchezo si hoja kubwa. Cha kutazama ni muda ambao mtoto atakaa akingoja. Kwenye soka, kiungo hana nafasi ya kuzubaa. Golikipa wa timu inayoshambulia muda wote anaweza kufungwa bao huku akihesabu ndege. Karate na judo huwafaa wengi kwa sababu amri ni fupi, hatua zinajulikana, na mkanda mpya humwonyesha mtoto alikofika. Katika riadha na kuogelea hakuna wenzake wa kumlaumu kwa pasi iliyopotea, na hilo ni muhimu, kwani watoto wengi wenye ADHD ni wazito wa kuratibu viungo.

Mfano unaotajwa mno ni Michael Phelps wa Baltimore, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1985 na kutambuliwa kuwa na ADHD akiwa na miaka 9. Alianza kuogelea akiwa na miaka 7, na kwa kuwa hakupenda kutia uso majini, alianza kwa kuogelea chali. Kocha Bob Bowman, aliyemchukua akiwa na miaka 11, alimwekea ratiba kali na kumzoesha kuyaona mashindano yote kichwani kabla ya kulala. Phelps alimaliza mwaka 2016 akiwa na medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu. Habari hii husimuliwa kana kwamba maji ndiyo yaliyomtuliza, wakati kilichofanya kazi zaidi ni utaratibu, kocha asiyechoka na mama aliyefuatilia. Mzazi anayemtia mwanawe bwawani akingojea medali amekielewa kisa hiki kinyume. Tena mtoto mwenye papara huruka kabla ya kupima kina. Baharini au ziwani asiachwe peke yake, hata kama anajua kuogelea.

Kwenye sanaa kigezo ni kilekile. Ngoma hushughulisha mwili mzima, na anayekosea mdundo hujisikia papo hapo. Maigizo humruhusu mtoto kuhama-hama na kupaza sauti bila kosa, ingawa mazoezi ambayo kila mmoja husubiri zamu yake ukumbini humchosha upesi. Anayejifunza gitaa afanye dakika 10 mara mbili kwa siku badala ya saa nzima. Wasichana wengi wenye ADHD si watukutu bali huzama katika mawazo, ndiyo maana hutambuliwa kwa kuchelewa. Kwao ufinyanzi au uchoraji hufaa ikiwa kazi inamalizika siku hiyohiyo.

Mtoto achague mwenyewe kati ya mambo mawili au matatu, na kuacha moja baada ya muhula kusihesabiwe kuwa ukaidi.

Dawa nazo huingia katika hesabu. Methilfenideti, mojawapo ya dawa za ADHD, hupunguza hamu ya kula na huongeza mapigo ya moyo, hivyo kocha anapaswa kuarifiwa. Pia imepigwa marufuku wakati wa mashindano isipokuwa kwa kibali cha matibabu. Simone Biles, mwanamichezo wa mazoezi ya viungo aliyetwaa dhahabu 4 mjini Rio mwaka 2016, alikuwa na kibali hicho, na ilijulikana baada ya wadukuzi kuiba kumbukumbu zake za matibabu. Mzazi ambaye mwanawe anakaribia mashindano makubwa amwone daktari na chama cha mchezo mapema.