Stainz (modeli ya treni)

Stainz ni modeli ya kichwa cha treni ya mvuke inayotengenezwa kwa jina la biashara la LGB kutoka Ujerumani. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 katika maonyesho ya vichezeo mjini Nürnberg. Ina kipimo cha 1:22.5 na hutembea juu ya reli zenye upana wa milimita 45. Tofauti na modeli ndogo za mezani, Stainz iliundwa ili itumike pia nje, katika bustani ya nyumba.

Treni halisi

Modeli hii inaiga kichwa cha treni Na. 2 kilichoitwa Stainz, ambacho kilitengenezwa na kampuni ya Krauss mjini Linz, Austria, mwaka 1892. Ni kichwa kidogo chenye jozi mbili za magurudumu, na hubeba maji yake chenyewe. Kilifanya kazi kwenye njia fupi ya reli nyembamba kati ya Preding na Stainz katika jimbo la Steiermark. Leo njia hiyo hutumiwa na treni ya watalii iitwayo Flascherlzug, yaani "treni ya vichupa". Jina hilo lilitokana na abiria waliobeba mkojo wao katika chupa kumpelekea mganga wa kienyeji aliyetambua magonjwa kwa kuutazama.

Historia

LGB ni kifupi cha Lehmann-Groß-Bahn, maana yake "reli kubwa ya Lehmann". Kampuni ya Lehmann ilianzishwa mwaka 1881 mjini Brandenburg an der Havel na ilijulikana kwa vichezeo vya bati. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kiwanda chake kilitaifishwa, na familia ya wenye kampuni ikaanza upya mjini Nürnberg. Huko ndugu Eberhard na Wolfgang Richter walibuni treni za LGB wakati ambapo modeli nyingi zilikuwa zikizidi kuwa ndogo.

Kipimo na upana wa reli

Kipimo cha 1:22.5 kilichaguliwa kwa sababu reli halisi yenye upana wa mita 1 ikipunguzwa hivyo hubaki na takriban milimita 44.4. Upana huo wa mita 1 ndio uliotumika pia katika Reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa.

Hata hivyo, reli halisi ya Stainz ilikuwa na upana wa milimita 760, ambao kwa kipimo hicho ungekuwa karibu milimita 34 tu. Kwa hiyo modeli husimama juu ya reli pana kuliko inavyostahili. Watengenezaji walikubali kasoro hiyo ili vichwa vya treni na mabehewa ya aina mbalimbali yaweze kutumia reli moja.

Utendaji

Ingawa ina umbo la treni ya mvuke, Stainz haichemshi maji. Huendeshwa na mota ya umeme wa mkondo mnyofu, ambao hupitia kwenye reli za shaba nyeupe na kuingia kwa njia ya magurudumu na vibati vinavyoteleza juu ya reli. Matoleo mengi yana kifaa cha kupasha mafuta maalumu ili moshi utoke kwenye bomba. Kwa kuwa kichwa ni kifupi, kinaweza kupita kwenye kona kali: vipande 12 vya reli iliyopinda hutosha kufanya duara lenye kipenyo cha takriban mita 1.2.

Baadaye

Stainz imetolewa mara nyingi kwa rangi tofauti, na mara nyingi huwekwa katika seti za wanaoanza. Mwaka 2006 kampuni ya Lehmann ilifilisika. Mwaka uliofuata LGB ilinunuliwa na Märklin, kampuni nyingine ya Ujerumani ya modeli za treni, iliyoendelea kutengeneza Stainz.