Nairobi hadi London: Kutoka Wiki Tatu Hadi Masaa Tisa

Ukiuliza simu yako Nairobi na London ziko mbali kiasi gani, itakwambia kilomita 6,800 na kitu, ndege ya moja kwa moja masaa manane na nusu hadi tisa. Unapanda usiku, unalala vibaya shingo ikiwa imepinda, asubuhi uko Heathrow. Sawa. Ila kilomita hizo ndizo zile zile za miaka yote. Kilichobadilika ni muda wa kuzimaliza, na nani anaruhusiwa kuzimaliza.

Februari 1929, jamaa mmoja wa Gatundu alipanda meli Mombasa. Siku hizo alijiita Johnstone Kenyatta. Kikuyu Central Association ilikuwa imemtuma apeleke malalamiko ya ardhi Uingereza. Alikaa safarini kama wiki tatu, na alipofika, Waziri wa Makoloni hakutaka kuonana naye.

Ndege zilikuja muda mfupi baadaye. Mwaka wa 1932, safari ya Imperial Airways ilikuwa kama kuunganisha matatu sita: ndege kutoka London hadi Paris, treni hadi Brindisi kule Italia, ndege ya majini hadi Alexandria, treni tena hadi Cairo, ndege hadi Khartoum, halafu ndege nyingine ya majini kufuata Nile hadi Ziwa Victoria. Hazikuruka usiku, kwa hivyo jioni abiria walishushwa wakalale hotelini. Karibu wiki nzima. Na zilitua wapi? Kisumu, kwenye maji. Abiria wa Nairobi alibadilisha ndege hapo ndipo aje huku. (Watu wa Kisumu, hiyo point nawaachia mtumie mkibishana na wa Nairobi.)

Kufikia 1952, Princess Elizabeth aliondoka London tarehe 31 Januari na kesho yake akatua Eastleigh. Ndiyo, Eastleigh hiyo hiyo. Uwanja mkuu wa Nairobi ulikuwa huko. Lakini ndege zilikuwa zinazidi kuwa kubwa, na serikali ya kikoloni ikaamua kujenga uwanja mpya Embakasi.

Hapa ndipo hadithi za usafiri huwa zinapita mbio sana. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, na maelfu ya watu wakakamatwa kwa sababu ya Mau Mau, wengi bila kufikishwa kortini. Baadhi yao ndio walioletwa Embakasi kuchimba. Ukiwahi kutembea kule mvua ikinyesha unaujua udongo wake, ule mweusi unaonata kwa kiatu hadi mguu unakuwa mzito mara mbili. Huo ndio walioutoa, wakasomba mawe, chini ya askari wenye bunduki. Walifungwa kwa ajili ya mambo yale yale yaliyokuwa kwenye barua ya 1929, ardhi kwanza, na kazi waliyopewa ikawa kutengeneza barabara ya ndege za kwenda London. Gavana Evelyn Baring aliufungua uwanja mwaka wa 1958.

Kenyatta mwenyewe wakati huo alikuwa kifungoni kaskazini. Alifariki Agosti 1978, na uwanja ukapewa jina lake. Sioni ubaya. Ila nimepita pale mara kadhaa kupokea watu na sijaona maandishi yoyote kuhusu waliochimba. Labda yako mahali nisipofika, upande wa wenye tiketi.

Leo Muingereza anayekuja huku anajaza fomu mtandaoni, analipa, anafunga begi. Mkenya anayeenda kule anatafuta taarifa za benki, barua ya kazi, anapeleka alama za vidole, anathibitisha kwamba atarudi. Kwa kawaida jibu la viza ya matembezi huchukua wiki tatu. Muda wa meli ya Kenyatta, basi, ila huu unaumaliza ukiwa bado Nairobi. Ukinyimwa, ada hairudishwi.