Neno la Kifo Katika Mkataba wa Shamba

Leo tutazame neno la Kiingereza "demise". Katika barua ya msiba, maana yake ni kufariki. Lakini kufariki kwetu asili yake ni kutengana. Neno lao asili yake ni kukabidhi mali. Mfalme akifa, ufalme hupita papo hapo kwa mrithi. Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George wa Sita alifariki usingizini Uingereza. Binti yake Elizabeth, aliyekuwa Kenya karibu na Nyeri, akawa Malkia kabla hajapata habari. Basi ukilikuta neno hilo katika mkataba wa shamba, usilie: hakufa mtu. Lakini usitie sahihi kabla ya kuuliza, maana shamba lako ndilo linalopangishwa.