Uchochezi: Neno Moja, Makosa Mawili

Historia ya uhuru wa kusema huandikwa mara nyingi kwa kufuata matamko na katiba: Tamko la Ufaransa la mwaka 1789, Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani ya mwaka 1791, Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948. Njia hiyo ni halali, lakini ina kasoro. Katiba karibu zote za dunia huusifu uhuru huo kwa maneno yanayofanana, na msomaji anayezilinganisha hatajua kwa nini mtu mmoja alifungwa na mwingine, aliyesema jambo lile lile ng'ambo ya mpaka, alilala nyumbani kwake. Njia nyingine, nayo iko karibu zaidi na kazi ya mwanaisimu, ni kulifuata neno ambalo dola hulitumia kutaja mahali uhuru unapokomea. Katika Kiswahili neno hilo ni uchochezi.

Asili yake ni jikoni. Kuchocha ni kuchokoa kwa kitu chenye ncha. Kuchochea ni kusogeza kuni mafigani ili moto usizimike, au upate nguvu zaidi. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hivyo, yaani sedition, lina asili ya Kilatini yenye maana ya kwenda kando na kujitenga na wenzio. Kiswahili hakikuichukua taswira hiyo ya watu wanaojitenga. Kilichukua taswira ya moto. Kwa kufanya hivyo lugha ilikiri jambo ambalo sheria yenyewe haikupenda kulikiri. Anayechochea si lazima awe ndiye aliyewasha. Moto ameukuta.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika matumizi ya kawaida, mtu huweza kuwachochea raia dhidi ya serikali, na huweza vilevile kuwachochea majirani wawashambulie majirani wenzao. Makosa hayo mawili hayafanani kwa chochote ila jina. La kwanza hulinda wenye nguvu. La pili hulinda wasio na nguvu. Sehemu kubwa ya historia ya uhuru wa kusema katika Afrika Mashariki ni historia ya jinsi makosa hayo mawili yalivyofichwa ndani ya neno moja.

Sheria ya uchochezi haikuzaliwa hapa. Mwaka 1606 mahakama ya Star Chamber ya London iliamua kwamba maandishi ya kumkashifu mtawala ni kosa hata yakiwa ya kweli. Hoja ilikuwa kwamba shutuma ya kweli huwaghadhibisha watu kuliko ya uongo, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Kwa mantiki ya dola hoja hiyo haina dosari, na ndiyo sababu imedumu. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa Waingereza na makoloni yao ya Marekani kuanza kuilegeza. Mwaka 1735 juri ya New York ilimwachia huru mchapaji John Peter Zenger, ingawa sheria ilikuwa upande wa gavana. Mwaka 1792 Bunge la Uingereza liliipa juri mamlaka ya kuamua kama maandishi ni ya kashfa au la. Juri, yaani jopo la raia wa kawaida, ndiyo iliyoifuga sheria hiyo. Raia kumi na wawili walipokataa kumtia mwenzao hatiani, kosa lilibaki vitabuni tu.

Sheria ilipovuka bahari, ulinzi huo ulikuwa haba au haukuwapo kabisa.

Nchini India, kifungu cha 124A kiliingizwa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 1870. Kilikataza kuamsha hali ambayo Kiingereza huiita disaffection dhidi ya serikali. Mwaka 1897 Bal Gangadhar Tilak, mhariri wa gazeti la Kimarathi la Kesari, alishtakiwa chini yake, na Jaji Strachey akawaeleza wanajuri kwamba neno hilo lina maana ya kukosa mapenzi tu. Basi kutoipenda serikali, na kumfanya mwingine naye asiipende, kukawa jinai. Tilak alipewa kifungo cha miezi kumi na minane. Aliposhtakiwa tena mwaka 1908, sehemu ya utetezi wake ilihusu tafsiri: alidai kwamba makala zake za Kimarathi zilikuwa zimepotoshwa zilipofasiriwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mahakama. Hakusikilizwa, akapelekwa Mandalay, Burma, kwa miaka sita. Suala hilo la tafsiri lastahili kuzingatiwa, kwani lilijirudia kila mahali ambapo msemaji alisema kwa lugha moja na kuhukumiwa kwa nyingine. Mohandas Gandhi, kwa upande wake, hakubishana mwaka 1922. Alikiri kosa, akaieleza mahakama kwamba mapenzi hayawezi kutengenezwa wala kuendeshwa kwa sheria, akapewa miaka sita.

Pengo kati ya Uingereza na makoloni yake lilipimwa waziwazi katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mwaka 1936 gazeti la African Morning Post la Accra lilichapisha makala ya I. T. A. Wallace-Johnson iliyouliza kama Mwafrika ana Mungu. Yeye na mhariri Nnamdi Azikiwe walishtakiwa. Azikiwe alishinda katika rufaa. Wallace-Johnson aliipeleka yake hadi Privy Council, mahakama ya mwisho ya makoloni, akisema kwamba kwa sheria ya Uingereza hapana uchochezi pasipo kuwahimiza watu wafanye fujo. Mwaka 1940 majaji wa London walimjibu kwamba hilo huenda ni kweli kwa Uingereza, lakini sheria ya Gold Coast ilikuwa na maneno yake, na maneno hayo hayakudai fujo. Maandishi yenye kusudi la kuleta chuki au dharau kwa serikali yalitosha. Mtu yule yule, kwa kalamu ile ile, angekuwa na uhuru mpana London na mfinyu Accra, chini ya mfalme mmoja.

Maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyoletwa Kenya, Uganda na Tanganyika katika Kanuni za Adhabu za mwaka 1930. Nchini Kenya, miongoni mwa watu wa mwanzo kufungwa kwa uchochezi alikuwa mchapishaji wa asili ya Kihindi, G. L. Vidyarthi, aliyechapisha Colonial Times kwa Kiingereza na Habari za Dunia kwa Kiswahili. Tanganyika ilikuwa na kesi yake mashuhuri mwaka 1958, ingawa kosa lenyewe lilikuwa kashfa ya jinai, ndugu wa damu wa uchochezi. Julius Nyerere alikuwa ameandika katika Sauti ya TANU, jarida la kurasa chache, akiwashutumu mabwana shauri wawili wa wilaya. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta Kapenguria. Alitiwa hatiani, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Faini ililipwa.

Mtu angetarajia kwamba waliowahi kusimama kizimbani wangeifuta sheria hiyo mara baada ya uhuru. Haikuwa hivyo. Sheria ya Magazeti ya Tanzania ya mwaka 1976, iliyopitishwa Nyerere akiwa Rais, iliyahifadhi makosa ya uchochezi na kuipa serikali uwezo wa kulifungia gazeti. Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara yake ya 18, ilitoa uhuru wa maoni kwa sharti la kutoathiri sheria za nchi, hadi maneno hayo yalipoondolewa mwaka 2005. Sharti la aina hiyo hukipa kifungu cha sheria cheo cha kuitawala katiba. Ni kama mlango ambao ufunguo wake umeachwa kwa jirani.

Nchini Kenya kesi ambayo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu zaidi ni ya Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili mjini Mombasa, aliandika karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?", ikiishutumu serikali ya Kenyatta kwa namna ilivyokikandamiza chama cha upinzani cha KPU. Alihukumiwa mwaka 1969 na kutumikia kifungo hadi mwaka 1972. Mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Wahakiki hupenda kuishia hapo na kutabasamu. Lakini tuzo haikukifuta kifungo, na mwandishi alikuwa tayari Dar es Salaam.

Kichwa cha karatasi ile kilikuwa swali. Hapa ndipo tofauti kati ya nchi na nchi inapoonekana vizuri, kwa kuwa mwezi Juni mwaka ule ule wa 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Brandenburg. Mshtakiwa alikuwa kiongozi wa Ku Klux Klan aliyewatukana Weusi na Wayahudi hadharani na kuzungumzia kulipiza kisasi. Mahakama ilimwachia, ikasema kwamba dola haiwezi kuadhibu maneno isipokuwa yamekusudiwa kuzusha uvunjaji wa sheria papo hapo na yanaelekea kuuzusha kweli. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, aliyeuliza nchi yake inakwenda wapi alikuwa gerezani, na aliyetamani kuwafukuza wenzake kwa rangi yao alikuwa huru. Si lazima mtu auchague mmoja wa misimamo hiyo miwili. Sheria ya Kenya iliilinda serikali isikosolewe. Ile ya Marekani iliwaacha wanyonge wavumilie. Ujerumani, kwa kumbukumbu ya yaliyotendeka kabla ya mwaka 1945, ilishika njia ya tatu: serikali hukosolewa kwa ukali mkubwa, lakini kuwachochea watu dhidi ya sehemu ya jamii ni jinai, na kuyakana mauaji ya Wayahudi kumetajwa waziwazi katika sheria hiyo tangu mwaka 1994.

Aidha yafaa ikumbukwe kwamba pwani ilikuwa na adabu yake ya mabishano kabla ya mahakama hizo. Katika Mombasa ya Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19, siasa za Mazrui na Busaidi zilisemwa kwa ushairi, shairi likajibiwa kwa shairi, na makali yakafunikwa kwa fumbo. Fumbo halikuwa pambo tu. Lilimpa msemaji nafasi ya kukana na mlengwa nafasi ya kutoona. Hata hivyo isifikiriwe kwamba huo ulikuwa uhuru kamili. Jamii iliyo huru haihitaji kujificha sana.

Mwaka 1994 kosa la pili lilijitokeza likiwa na sura yake halisi. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Rwanda mwaka 1993, iliwaita Watutsi mende na, baada ya tarehe 6 Aprili 1994, ilishiriki kuwahimiza watu waue. Mamia ya maelfu waliuawa. Mahakama ya Kimataifa iliyowekwa Arusha ilipoanza kusikiliza mashauri, ilikabiliwa na suala lile lile la Tilak: maneno ya Kinyarwanda yalikuwa na maana gani kwa waliyoyasikia? Safari hii mahakama haikutegemea tafsiri peke yake. Katika kesi ya Akayesu, iliyoamuliwa mwaka 1998, mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda aliitwa kueleza maana za maneno hayo na jinsi zilivyobadilika vita vilipoendelea. Katika kesi ya vyombo vya habari, iliyohukumiwa mwaka 2003, mahakama ya rufaa mwaka 2007 ilipunguza adhabu na kutenganisha matamshi ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Matangazo ya baada ya Aprili 6 ndiyo yaliyohesabiwa kuwa uchochezi huo. Ni kipimo kigumu, na wapo waliokilaumu kwa kuwa kinasubiri mno. Lakini ni kipimo.

Tangu wakati huo jina la Rwanda limetajwa na serikali nyingi kila zinapotaka kulifunga gazeti lililoandika habari za bajeti au za afya ya mkubwa. Huko ni kuikopa heshima ya kosa la pili ili kulitetea la kwanza. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikataa mkopo huo. Mwaka 2010, katika shauri la mwandishi Andrew Mwenda, ilikifuta kifungu cha uchochezi dhidi ya serikali kwa sababu kinapingana na katiba, na katika uamuzi huo huo ikakiacha kifungu kinachokataza kueneza ubaguzi baina ya makundi ya raia. Kenya ilikuwa imekwisha kuifuta sheria yake ya uchochezi mwaka 1997, baada ya kesi nyingi za miaka ya 1980 za watu waliokutwa na karatasi za Mwakenya na nyinginezo. Kisha, baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, ikatunga mwaka 2008 sheria ya utangamano inayokataza chuki za kikabila. Uingereza yenyewe iliifuta sheria mama mwaka 2009. India ilibadili Kanuni yake ya Adhabu mwaka 2024. Neno la zamani likaondoka, ila kifungu cha 152 cha kanuni mpya kimerithi sehemu kubwa ya kazi yake.

Tanzania ilifuata mkondo mwingine. Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016 iliyarejesha makosa ya uchochezi katika chombo kipya. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ikiketi Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya uchochezi vikiwamo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Bunge lilirekebisha baadhi ya vifungu mwaka 2023.

Katika Kiswahili cha Kenya, baada ya mwaka 2008, magazeti na redio zilianza kutumia "matamshi ya chuki" kwa maneno ya kuwagonganisha raia. Katika Kiswahili cha Tanzania, mwanasiasa anayeikosoa serikali na mtu anayewahimiza wanakijiji wamvamie jirani wangali wakiitwa, wote wawili, wachochezi.