Maharage ya Kijani Katika Njia ya Wapagazi

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, tumeona vema tuandike habari za zao dogo, maharage ya kijani, yale yaliwayo pamoja na maganda yake. Zao hili limetuletea upya swali la zamani la Tabora: bidhaa itafikaje mbali ingali nzuri?

Wazee wetu walilijua swali hilo. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Miezi minne na zaidi njiani! Hakuna mboga mbichi iwezayo kustahimili safari hiyo. Wanyamwezi, mabingwa wa upagazi, ni watu wajuao kukausha: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza. Asali na nafaka zilitiwa katika vilindo vya magome ya miti. Mboga za bustani zililiwa pale pale zilipolimwa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku. Lakini kwa maharage ya kijani hata siku ni nyingi. Ganda lililochumwa laendelea kupumua na kupoteza maji. Hulegea, kisha hupata madoa. Katika ubaridi wa digrii 5 hadi 7 na hewa yenye unyevu laweza kukaa wiki moja na zaidi. Ndani ya gunia lililoshindiliwa, juani, halimalizi siku mbili.

Hapo ndipo mkutano wetu ulipogawanyika. Wapo waliotaka fedha yote ya msimu inunue mbolea ya kunyunyizia majani, ambayo madukani huitwa busta. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Ardhi yetu ni ya kichanga, ina upungufu wa boroni na zinki, na majani hupokea virutubisho hivyo upesi. Tena ganda lenye kalsiamu ya kutosha huwa gumu, halilegei mapema. Lakini kalsiamu iliyonyunyizwa juu ya jani haihami kwenda kwenye ganda. Sharti iguse ganda lenyewe. Boroni nayo ikizidi kidogo tu huunguza maharage. Wala hakuna busta iwezayo kushika nafasi ya samadi na fosfati ardhini. Urambo, jirani zetu, Waingereza walianza mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta bila kuijua vema ardhi wala mvua. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa.

Basi Kamati ikakata shauri: kwanza kreti zenye matundu, na kibanda cha kivuli penye mizani, busta wapewe wale waliopima udongo wao. Kuchuma kuwe alfajiri, kila siku ya pili au ya tatu, kabla mbegu hazijavimba. Wako walionung'unika, na wangali wananung'unika. Sisi twasema hivi: mnunuzi wa mjini haulizi busta gani ilitumika. Huvunja ganda moja, akasikiliza kama lalia.

Kreti zimeandikwa namba ya kila kijiji, nazo hurudi tupu kwa lori lile lile. Zisizorudi zinadaiwa, na daftari li wazi ofisini.